Sasa Uko Ndani

Nimeanza kuandika haya leo Jumamosi, saa moja na dakika kumi jioni. Maghrib imekwisha, stima imepotea bulla nzima, yaani mtaa wote, na mama yuko uani anachokoa mkaa kwa kijiti. Naandika kwa mwanga wa simu. Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yangu, kwa sababu mama hasomi Kiswahili, na kwa sababu kwa Kisomali ningelia.

Nataka kumwandika mzee jirani yetu, yule mwenye kamera. Jina lake sitaliandika. Watoto wa bulla humwita Mzee Kamera. Mimi humwita adeer, yaani baba mdogo, ingawa hatuna damu moja, naye huniita adeer vilevile, kama wazee wetu wanavyomrudishia mtoto jina lile lile alilowaita. Kwa hiyo tukiongea ni adeer kwa adeer, na mgeni akisikiliza hajui mkubwa ni nani.

Niseme jambo moja kwanza, nisije nikajificha nyuma ya maneno mengi. Uso wa kaka yangu ulikuwa ndani ya kamera ile, na haukuwa mahali pengine popote. Kaka aliondoka nyumbani asubuhi moja kabla ya mvua za mwaka jana, akasema anakwenda Dadaab kufuata kazi ya kuendesha lori la maji, hakufika na hakurudi. Wengine walisema ameshika njia ya Libya. Wengine walisema mambo mabaya zaidi, kwa sauti ya chini, wakimtazama mama. Hakuna aliyejua. Wiki ile ile mama alikusanya simu yake, yangu na ya shangazi, akakaa kitandani, akafuta kila picha yenye kaka, moja baada ya nyingine. Kwenye kizuizi cha darajani askari wanaweza kukuomba simu waangalie.

"Wakimkuta humu wataniuliza yuko wapi," alisema, akiniita mama kama mimi ninavyomwita. "Nitawaambia nini, hooyo?"

Tangu siku hiyo jina lake halitajwi kwetu.

Lakini siku chache kabla hajaondoka, kaka alikuwa amesimama mbele ya kamera ya adeer. Na filamu ile ilikuwa haijaisha.

Kamera yenyewe ni sanduku jeusi lenye macho mawili, moja juu ya jingine. Huning'inia tumboni kwa mkanda wa ngozi. Adeer haiinui usoni. Hufungua kifuniko cha juu, akainamisha kichwa na kutazama chini, ambapo kuna kioo cha ukubwa wa kiganja, na wewe umo humo, mdogo, umesimama wima, ila umegeuzwa: mkono wako wa kulia uko kushoto, wa kushoto uko kulia. Kwa hiyo anapokupiga picha hakutazami. Anakuinamia. Mimi siwezi kumtazama mtu machoni, hata mwalimu akiniuliza swali ninalolijua nalijibu kwa dawati, na nadhani ndiyo maana nilimpenda. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniangalia bila kunikodolea.

Kabla ya kubonyeza husema, "Bismillah. Kaa kama ulivyo." Hushusha pumzi. Kamera haitoi mlio, inatoa kitu kama ulimi kugonga kaakaa. Kisha hufunga kifuniko na kusema, "Sasa uko ndani."

Anasema hivyo kwa kila mtu. Wengine hucheka. Kuna mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, alipoambiwa hivyo alijipapasa mabega, kama anahakikisha kuwa bado yuko nje.

Watu wanaoiona kamera ile mara ya kwanza ningeweza kujaza daftari nao. Nimekaa karibu na adeer alasiri nyingi, baada ya shule, kwenye kibao cha duka la nafaka linalotazama soko la mifugo, na nimewaona. Watoto humkimbilia na kuzunguka nyuma ya kamera kutafuta picha zao. Wanakuta ngozi tupu. "Mbona haionyeshi?" wanauliza. Mmoja alilia, akasema mzee amemla. Vijana wa bodaboda humwita buda. "Buda, hiyo ni redio ama ni drone?" Adeer hujibu, "Ni jiko." Wanaamini kwa muda mfupi sana, lakini wanaamini.

Siku moja aliisimamisha juu ya miguu yake mitatu upande wa uwanja mtupu nyuma ya soko. Mwanamke akatoka mbio katika kibanda chake, shash yake ya kichwani imemteleza, akamsemesha kwa Kiswahili chetu kisicho na p, maana kwetu mwenye chombo kigeni huhesabiwa kuwa mtu wa serikali, na mtu wa serikali huongeleshwa Kiswahili.

"Wewe! Unabima bloti ya nani? Hii bloti iko na wenyewe!"

Adeer akamjibu kwa Kisomali kwamba anapiga picha ya punda. Mwanamke akasimama, akamtazama punda, akamtazama adeer.

"Punda wa nani?"

"Wa kwako, nadhani."

"Basi mbige vizuri," akasema, bado kwa Kiswahili, maana alikuwa ameshaanza nacho. Akaenda kumfuta punda vumbi kwa kanga.

Kisa anachokipenda mwenyewe ni cha Ifo, kambi ya wakimbizi. Zamani alikwenda kambini kumpiga picha rafiki yake fundi cherehani. Akaisimamisha miguu mitatu mbele ya duka, akaingia ndani kunywa chai. Alipotoka alikuta foleni. Akina mama na watoto wao, wazee wenye fimbo, kila mmoja ameshika kadi yake ya mgao mkononi, wamejipanga nyuma ya kamera kimya, kwa adabu. Walidhani ni uandikishaji. Aliwaambia si uandikishaji. Hawakuondoka. Waliona ni afadhali kupanga foleni isiyo na kitu kuliko kukosa ile yenye kitu.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Niliwapiga, mmoja mmoja, mpaka filamu ikaisha. Halafu nikaendelea kubonyeza bila filamu. Ningemwambia nani kwamba nafasi yake haikufika?"

Akifika hapo huwa hacheki tena. Anasema wale wa bila filamu ndio wanaomjia akilini zaidi.

Zamani alikuwa na studio, ile ya picha ndogo za kitambulisho, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Simu ziliimaliza. Pazia lipo bado, amelifanya mlango wa choo. Kutoka studio alibeba bati moja la biskuti lenye picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nimeliona mara moja, nilipompelekea futari. Picha zilikuwa zimepangwa kwenye mkeka kama karata: vijana wenye kola kubwa, mzee mwenye ndevu za hina, msichana wa umri wangu aliyefumba macho. Adhana ya maghrib ilipoanza adeer alizigeuza zote kifudifudi kabla hajafuturu. Haraka haraka, kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue.

"Kwa nini unazigeuza?"

"Jioni wanakuwa wengi mno."

Usiku ule nilitandika kitanda changu mbali na dirisha linalotazama kwake.

Lakini ana mambo yake yasiyolingana. Anapiga watu wote, na ukutani kwake hakuna picha hata moja. Anasema kamera za simu ni za wavivu, na anatumia simu kutazama mechi. Hapendi kabisa kupigwa yeye mwenyewe. Wapita njia wengi, wakiona ile kamera, hutoa simu zao kumrekodi. Juzi kijana wa chuo alimrekodi akiwa ameinama, akicheka na kusema, "Wasee, cheki huyu babu na kamera ya enzi za Nuhu." Adeer akainua kiganja kuficha uso.

"Futa, adeer."

"Ah, mzee, ni vibe tu. Utakuwa maarufu."

"Futa."

Kijana akaenda zake. Adeer akabaki na kiganja hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilisikia uchungu kwa sababu yeye angefuta. Hii ndiyo desturi yake inayojulikana soko zima. Ukimwambia, "Umenipiga na mimi sitaki," habishani. Hakuulizi kwa nini. Hufungua mgongo wa kamera juani, mbele yako, na kuvuta filamu yote mpaka mwisho, kama mtu anayetoa utumbo wa mbuzi. Filamu ikiona jua imekufa. Anakupa mkononi uende nayo, na anakuambia, "Sasa umetoka."

Filamu moja hubeba picha kumi na mbili. Mwanawe aliye Nairobi humtumia kwa basi, na ikiisha huirudisha kwa basi ikaoshwe huko, maana hapa hakuna anayeosha filamu tena. Adeer hapigi ovyo. Filamu moja inaweza kumkaa mwaka. Kwa hiyo mtu mmoja akiingiwa na hofu, wote waliomtangulia wanakufa naye. Niliwahi kumwambia kwamba aliyepigwa mwisho yuko juu kabisa, kwa hiyo akivuta kidogo tu inatosha, wa chini watabaki salama. Nilimwambia nikitazama viatu vyangu, lakini nilimwambia.

"Najua," alisema. "Lakini mtu mwenye hofu hataki kuambiwa. Anataka kuona."

Kaka yangu alikuwa wa kwanza kwenye filamu ile. Ilikuwa mbele ya lango letu. Kaka alikuwa anamtania, "Adeer, hicho chombo kitanifanya mzee kama wewe," na adeer akaniita nitazame kiooni kabla hajabonyeza. Niliinama. Kaka alikuwa humo, mdogo, anang'aa, amejaa jua, anajitahidi kutocheka. Ana kovu chini ya jicho, alilipata alipoanguka kutoka mkokoteni wa punda alipokuwa mdogo. Mle kiooni kovu lilikuwa limehamia upande wa pili. Nikamtazama muda mrefu, maana kiooni naweza kumtazama mtu.

"Sasa uko ndani," adeer akasema.

"Nitoe basi, nina njaa," kaka akasema.

Baada ya kaka kupotea nilianza kukaa kwenye kibao cha duka la nafaka. Adeer alidhani napenda kamera. Kweli naipenda. Lakini nilikuwa nahesabu. Kila ulimi ulipogonga kaakaa nilijua filamu imekaribia Nairobi. Sikumwambia. Mara nyingi nilipanga maneno njiani kutoka shule, "Adeer, naomba ukiosha ile filamu...," na nikifika maneno yalikuwa yamekwisha. Nilichoka kumwona kaka kiooni tu. Ndiyo sura ya mwisho niliyonayo, na imegeuka. Nikifumba macho kovu linahama. Mara liko huku, mara liko kule. Nilitaka karatasi iliyotulia.

Na mtu yeyote, mtu yeyote tu anayepita soko lile, angeweza kusema "sitaki." Nilikuwa nikiona mgeni ananyoosha kidole kuelekea kamera, naacha kuhesabu.

Leo ndiyo siku yenyewe.

Ilibaki picha moja. Saa kumi alasiri dalali wa ngamia, mzee mnene anayevaa saa mbili, alimwomba adeer ampige na dume lake kabla hajaliuza. Watu wakakusanyika kutoa ushauri kama kawaida. "Dalali, vuta tumbo!" "Mwambie ngamia ndiye avute!" Adeer akainama. Bismillah. Ulimi ukagonga. Nikasema moyoni, imeisha, Jumatatu iko kwenye basi. Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Ndipo kijana mmoja akatoka nyuma ya ngamia. Alikuwa amepita pale pale wakati wa kubonyeza. Amevaa kikoi cha macawis cha kijivu na kilemba cha kitambaa alichokishusha hadi midomoni, na begani ana mfuko wa msafiri. Alikuwa ameshuka gari la Habaswein muda si mrefu, vumbi lilikuwa bado limemkaa kwenye nyusi.

"Umenipiga," alimwambia adeer.

"Huenda umo," adeer akasema.

"Toa."

Dalali akaingilia. "Waryaa, kijana, mimi nimepigwa na ngamia wangu, wewe ni mkia tu! Nani atakutazama wewe?"

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. Macho yake yalikuwa yanazunguka soko, upande wa barabara, upande wa askari wa lango la soko. "Mzee, nakuomba. Toa."

Adeer alishaweka kidole kwenye kitasa cha mgongo wa kamera.

Nikasimama. Sijui nilivyosimama. Nilisikia sauti yangu, nyembamba, mbele ya wanaume wote wale. "Adeer, yake iko juu. Vuta ya juu tu. Walaahi yake iko juu."

"Huyu msichana ni nani?" kijana akauliza.

"Ndani kuna kaka yangu," nikamwambia. Nilikuwa natazama mfuko wake, si uso. "Hatuna picha yake nyingine. Hayupo. Ya juu ndiyo yako, wewe hutabaki, naapa."

"Nitajuaje ya juu ni ipi?"

Kweli. Angejuaje?

Akaja karibu, akaniita dada, polepole, si kwa ukali. "Abaayo. Na mimi ni kaka wa mtu."

Adeer akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni moja kwa moja. Macho yake ni mekundu pembeni, ya rangi ya chai. "Huyu ana haki yake," alisema. "Lakini na wewe una mtu ndani. Sema wewe, adeer."

Nilimtazama kijana. Kucha za mikono yake iliyoshika mkanda wa mfuko zilikuwa zimetafunwa mpaka nyama. Nikawaza, labda kuna mama mahali fulani amekaa kitandani anafuta simu yake. Na labda kaka, huko aliko, leo amepita nyuma ya ngamia wa mtu, na kuna msichana amesimama anasema vuta ya juu tu. Ningetaka msichana huyo asemeje?

"Fungua," nikasema.

Mgongo ukafunguka. Adeer alivuta taratibu kuliko siku zote. Ilitoka karatasi nyeusi, na ndani yake utepe wa rangi ya maziwa yaliyoganda, ukajikunja na kumeremeta juani. Dalali na ngamia wake walitoka. Punda aliyefutwa vumbi alitoka. Muuza maziwa alitoka. Mwishoni kabisa, karibu na kijiti filamu inapoviringwa, utepe ulikaza kidogo, kana kwamba kuna mtu ameushika kwa ndani, kisha ukaachia.

"Sasa umetoka," adeer akamwambia kijana.

Kijana akauchukua, akaukunja, akauweka mfukoni. Alipiga hatua chache, akarudi.

"Kaka yako anaitwa nani?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutoka mdomoni mwangu tangu mwaka jana. Alilirudia mara moja kwa sauti ndogo, akilisikiliza. Akatikisa kichwa, akapandisha kilemba, akaondoka kupitia katikati ya mbuzi. Nikabaki nimekitazama kilemba chake mpaka kikachanganyika na vilemba vingine.

Tulirudi nyumbani na adeer. Kamera ilikuwa wazi bado, imening'inia tumboni kwake kama mdomo. Langoni kwetu, pale pale alipompiga kaka picha, akasimama.

"Mama yako alinijia mwaka jana," alisema. "Aliniomba niifungue. Nilimkatalia. Sijawahi kumkatalia mtu mwingine. Nilimwambia aje mwenyewe aliye ndani aniombe."

"Na filamu hukuimaliza haraka," nikasema.

"Sikuwa na haraka. Ilimradi haijaisha, kaka yako alikuwa bado hajaenda popote."

Akaingia kwake. Adhana ikaanza. Kupitia ukuta wa mabati nilisikia picha zikigeuzwa juu ya mkeka, moja, moja, moja.

*

Jumapili asubuhi.

Mama alikuwa jikoni anapika canjeero, chapati zetu za maji. Nilichukua kigoda nikakaa mbele yake, karibu, magoti yetu yanakaribia kugusana. Nilikuwa nimefumba macho mara nyingi tangu niamke, na kovu lilikuwa linahama tu.

"Hooyo," nikasema. Nikamtaja kaka kwa jina lake. Akaacha kukoroga unga kwenye bakuli. "Kovu lake lilikuwa upande gani?"

Nilidhani atanifukuza jikoni. Alitazama mlango. Kisha akaweka bakuli chini, akainua mkono wenye unga, akaweka kidole kwenye uso wake mwenyewe, chini ya jicho la kushoto. Hakuhitaji kufikiri. Canjeero ilianza kuungua nyuma yake, na hakuitoa.

Nami nikaweka kidole changu chini ya jicho langu la kushoto, nikakiacha hapo, nikimtazama machoni, mpaka alipoteremsha chake.